Usiongeze Moshi Ukidhani ni Nguvu

Mimi ni dereva wa lori hapa Rujewa. Lori ni letu, mimi na mke wangu. Tulilinunua likiwa kuukuu. Ni Isuzu yenye injini ya 6BD1. Injini hiyo ina silinda sita, na ukubwa wake ni lita 5.8. Haina tabo, yaani haina chombo cha kusukuma hewa ndani ya silinda. Inavuta hewa yenyewe.

Wakati wa mavuno tunabeba mpunga wa Usangu. Huku kwetu ni tambarare, na lori lilikwenda vizuri. Taabu ilianza tulipopata kazi ya kupeleka mbolea Matamba. Kutoka Chimala unapanda mlima mkali wenye kona 57. Huko lori langu lilipanda kwa gia ya kwanza tu. Utingo wangu alitembea kando, ameshika jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Magari mengine yalitupita. Niliona aibu.

Nikatafuta njia ya mkato. Fundi mmoja akaniambia, "Kaka, nikupandishie mafuta kwenye pampu. Ni kazi ya dakika chache tu." Akazungusha skrubu ya pampu ya nozeli. Nikamlipa. Siku ile lori liliruka kama ndama. Moshi mweusi ulitoka kama wa tanuri la matofali. Nikafurahi. Nikadhani moshi ule ni nguvu.

Furaha ile haikumaliza wiki mbili. Tulikuwa tumebeba mbolea ya wakulima, na mvua za kwanza zilikuwa karibu. Katikati ya mlima mshale wa joto ukapanda. Maji yakachemka. Silinda hedi ikapasuka. Tulilala mlimani siku mbili. Mvua ikanyesha, turubai letu lilikuwa bovu, na mifuko mingi ikalowa. Ilibidi tuilipe. Mke wangu akauza gunia 20 za mpunga wake, alizoweka kwa ajili ya shule ya watoto. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Baba, ule moshi tulikuwa tunamuuzia nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwendea fundi mwingine, mzee aliyetengeneza malori miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta injini au umeleta maiti?"

Nilimweleza yote. Akacheka, kisha akanifundisha. Nami nakufundisha wewe.

Dizeli haiungui peke yake. Inahitaji hewa. Kilo moja ya dizeli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote. Ukiongeza dizeli bila kuongeza hewa, dizeli iliyozidi hutoka kwenye eksozi ikiwa moshi mweusi. Hiyo ni fedha yako inapaa. Tena joto la silinda huzidi. Pistoni huweza kuyeyuka, na silinda hedi hupasuka.

Kumbuka pia kwamba sisi tunaishi nyanda za juu. Ukifika mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Imepungua karibu sehemu moja kati ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Kwa hiyo injini isiyo na tabo hupungukiwa na nguvu mlimani hata ikiwa mpya. Mimi niliiongezea chakula mahali ambapo ilikuwa inatafuta pumzi.

"Kwanza rudisha nguvu uliyopoteza," mzee akasema. "Ya kuongeza tutaizungumza baadaye."

Tukaanza kazi. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi la Usangu. Tukaweka jipya. Tukabadilisha filta ya dizeli. Nozeli zikapelekwa kupimwa. Mbili zilikuwa zinadondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu. Valvu zikarekebishwa kwa kipimo cha kitabu cha injini. Pampu ikarudishwa kwenye kipimo chake, na skrubu ikafungwa kwa lakiri. Rejeta ikazibuliwa matope na majani. Feni belti iliyolegea ikabadilishwa.

Ndugu msomaji, sikununua nguvu hata kidogo. Lakini lori lilipanda Matamba kwa gia ya pili mahali pengi, bila moshi mweusi na bila kuchemsha. Nguvu ilikuwemo. Mimi ndiye niliyeiacha ipotee.

Pengine utauliza, "Je, nisifunge tabo?" Tabo ni kitu kizuri. Alfred Büchi wa Uswisi aliomba hataza yake mwaka 1905. Moshi unaotoka huzungusha feni ndogo, na feni hiyo huzungusha nyingine inayosukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Huko milimani husaidia sana. Lakini injini iliyoundwa kwa tabo huandaliwa tangu kiwandani ihimili joto na nguvu zaidi. Hiyo 6BD1 inayo ndugu yake, 6BD1T, yenye tabo tangu kiwandani. Ukiweza, ni afadhali kutafuta injini nzima ya namna hiyo, iliyo na afya, kuliko kubandika tabo juu ya injini iliyochoka.

Kabla hujatoa fedha, jiulize maswali manne. Kwanza, je, injini ni nzima? Ikiwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu, tengeneza ringi kwanza. Pili, je, hewa na maji ya kupooza vitatosha? Tatu, je, klachi, gia na breki zitahimili? Nne, fedha hiyo itarudi baada ya safari ngapi? Chukua daftari uandike. Kama huwezi kuandika jibu, usinunue.

Swali la tatu usiliruke. Anayepanda Matamba lazima atashuka, tena na viazi mgongoni. Lori langu lina breki ya eksozi, ile inayoziba njia ya moshi ili injini yenyewe ilizuie gari. Ilikuwa imeganda kwa masizi miaka mingi, na mimi sikujua. Mzee aliifungua na kuisafisha. Kwa mawazo yangu, hilo ndilo jambo bora tulilolifanya, ingawa halikuongeza nguvu ya kupanda. Sasa nashuka taratibu, breki za miguu hazipati moto, na utingo wangu anakaa ndani.

Gunia 20 za mke wangu nilizirudisha msimu uliofuata. Sasa daftari la lori analishika yeye. Kila fundi anayeniahidi nguvu ya haraka namwambia aende kwanza akazungumze naye.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga. Wewe ziba ufa mapema.