Masika watatu chini ya paa moja

Kutoka Butembo hadi Beni ni mwendo wa kilometa 50 na kitu. Butembo iko juu milimani, penye baridi. Beni iko chini, penye joto. Njiani humo twaweza kuingia nyumba moja ya Wanande tukamkuta bibi aitwaye Masika, bintiye Masika, na mjukuu Masika. Mgeni hustaajabu, bali wenyeji wajua sababu: msichana wa kwanza kuzaliwa huitwa hivyo.

Kwa desturi binti akiolewa huhamia kwa mumewe. Lakini tangu Oktoba 2014, wauaji walipoanza kushambulia vijiji vya Beni, wanawake wengi walikimbia na watoto wao, wakatafuta hifadhi kwa ndugu. Kisha mwaka 2018 ukaja ugonjwa wa Ebola. Hadi Juni 2020 watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa mashariki ya Kongo. Mahali pengine bibi ndiye aliyebaki kulea.

Enyi wasichana mnaosoma, ketini jikoni na bibi zenu, mwaulize habari za zamani, mkaziandike. Nyumba iliyochomwa yaweza kujengwa tena. Habari za bibi zisipopokelewa, huzikwa pamoja naye.