Fuso za Mpunga
Kabla daraja la Mto Kilombero halijafunguliwa, magari yalipanga foleni kivukoni, nasi watoto tulikwenda kuyatazama. Fuso tulilitambua kwa mlio kabla halijatokea. Magari yetu tuliyaunda kwa waya, magurudumu tukikata malapa mabovu ya mama zetu (mara nyingine mazima). Msimu wa mavuno tulidandia malori ya mpunga. Siku moja mwenzetu aliteleza kutoka juu ya magunia, akavunjika mguu. Tulikimbia wote.

Leo wawili kati yetu tuko seminari, darasani tunajadili dhamiri. Yeye ni fundi gereji, bado anachechemea. Likizo iliyopita alitukaribisha chai, akatuuliza kama tumeshajifunza kuendesha. Tukacheka naye. Msamaha hatukuomba.