Tangi Tupu

Msomaji wangu, nikikuuliza ni lipi la kuogopwa zaidi, tangi lililojaa petroli pomoni au tangi lisilo na petroli, bila shaka utanijibu kwamba ni lile lililojaa. Mimi pia ningalijibu hivyo, na jibu hilo nusura limtoe roho kijana wa watu.

Marehemu baba yangu alikuwa na Volkswagen ya mwaka 1966, ya namna ile yenye mgongo wa kobe, ambayo injini yake iko nyuma na tangi lake liko mbele, chini ya boneti. Aliipenda kupita kiasi. Hakuchoka kusimulia jinsi motokaa ya namna hiyo ilivyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika usukani. Alipofariki, motokaa ilikaa chini ya mwarobaini, nyumbani kwetu Mombasa, miaka kumi na mmoja. Kuku walitaga ndani yake.

Nilipoazimia kuifufua, injini ilikubali kunguruma upesi kuliko nilivyotazamia. Lakini kila tulipokwenda kadiri ya maili moja ilizima; tukingoja kidogo iliwaka tena, ikaenda, ikazima. Nililaumu kabureta, nikalaumu pampu, nikanunua vitu visivyohitajiwa. Kumbe kosa lilikuwa tangini. Tangi likikaa nusu tupu miaka mingi, unyevu wa hewa hugeuka matone katika bati lake la ndani. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hushuka chini yakatulia, na hapo kutu huanza karamu yake. Magamba ya kutu huvutwa mpaka kwenye tundu la kutokea petroli, yakaliziba. Injini ikizima, mvuto hukoma nayo yakaanguka. Zaidi ya hayo, kutu ilikuwa imekitoboa kitako cha tangi, tundu dogo kama la sindano.

Kijana mmoja wa karakana ya jua kali alilitoa bila taabu: bolti nne, kebo ya kipimo, na mpira mmoja chini. Petroli iliyosalia aliivuta kwa mdomo, nami nikacheka alipokohoa. Laiti ningalijua siku ile kwamba petroli ikiteremkia mapafuni huweza kuua, nisingalicheka.

Bei ya tangi jingine ilinitoa jasho. Kijana akaniambia kwamba angeliziba tundu kwa kulichomelea, kwa ujira mdogo. "Tangi lenyewe tupu tangu juzi," alisema, "la kuogopa ni nini?" Naungama kwamba nilifikiri juu ya fedha zangu tu.

Alikuwa amekwisha vaa miwani yake nyeusi, kiberiti mkononi, iliposikika sauti ya fundi mkuu, mzee aliyekuwa akinywa kahawa upande wa pili wa uwanja. "Usiwashe!" Mzee hakuweza kukimbia, lakini kikombe alikitupa. Alipofika hakugomba. Alikunja mkono wa shati, akatuonyesha ngozi iliyokunjamana kutoka kiwiko hadi kifundo.

"Lilikuwa tupu kama hili lako, mwanangu," aliniambia. Kisha akaniinamisha nilinuse tangi. "Linanuka. Basi si tupu."

Alitueleza, na baadaye nimesoma yayo hayo vitabuni, kwamba kiwakacho si petroli ya maji bali mvuke wake, nao hutoka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Mombasa. Ndani ya tangi lililojaa, mvuke ni mwingi mno na hewa ni haba, hata moto hauwezi kushika humo. Lakini ukichanganyika na hewa, ukawa kadiri ya sehemu 2 hadi 7 katika kila 100, cheche moja yatosha kulipasua tangi kama kombora. Na mvuke wa kadiri hiyo hutolewa na matone machache tu yaliyojificha katika mshono wa bati.

Nikanunua tangi jingine. Kijana alilitia huku mzee akisimamia, na wavuta sigara wakafukuzwa. Waya za betri, ambayo katika gari hili iko chini ya kiti cha nyuma, zilifunguliwa kwanza. Mipira ya zamani, iliyokuwa imekauka kama kuni, ikatupwa. Bomba lipitalo chini ya sakafu mpaka kwenye injini likapulizwa hewa likatema uchafu mwekundu kama chai ya rangi. Tukatia lita tano tu, tukangoja nusu saa, mzee akipitisha vidole vyake chini ya kila kiungo. Vilitoka vikavu.

Tulikwenda Mtwapa na kurudi bila kuzima hata mara moja. Kijana alikaa kando yangu, kimya. Tulipokaribia daraja la Nyali aliniuliza kama nilikwisha mlipa mzee kikombe chake. Nilikuwa sijamlipa. Tukageuza motokaa, tukaingia soko la Kongowea, tukanunua viwili.