Jasho la Muscat, Jina la Nani?

Mke wangu yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Mimi niko hapa Mkula, chini ya milima ya Udzungwa, nauza dukani. Mtaji wa duka ni jasho lake. Sasa nijibu, msomaji mwenzangu: linapokuja suala la kodi ya mapato, duka liandikwe kwa jina la nani?

Hapa kijijini wanacheka. "Mwanangu, cha mke ni cha mume," aliniambia mzee mmoja kijiweni. Nikaitikia kwa heshima. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haisemi hivyo: kila mtu na hesabu yake. Tena inahesabu siku. Ukikaa nchini siku 183 katika mwaka, wewe ni mkazi. Mwenye makazi ya kudumu hapa naye ni mkazi, mradi awe amekanyaga nchini japo siku moja mwaka huo. Mwenzangu mkataba wake ni miaka miwili bila likizo. Mwaka asiokanyaga kabisa, kwa kodi si mkazi.

Duka likiwa langu, madhali mauzo hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, nakadiriwa kwa mauzo, mambo kwisha. Likiwa lake, asiye mkazi hutozwa asilimia 30 ya mapato yake ya hapa nchini.

Basi andika lako, utasema. Ngoja kwanza! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali ikipatikana kwa jina la mwanandoa mmoja, itachukuliwa kuwa yake peke yake mpaka ithibitishwe vingine. Yaani mwenzangu arudi na begi lake, akute miaka miwili ya kufua na kupiga deki imegeuka mali yangu, na kazi ya kuthibitisha ni yake.

Nikampigia usiku, nikamweleza yote. Akanyamaza, kisha akasema: "Andika lako, mume wangu. Ila na mimi niandikie yangu."

Namba ya mlipakodi ni yangu. Kodi nalipa mimi ninayeuza. Karatasi ya pili inasema mtaji ni wake, kiasi gani, ulitumwa lini. Mashahidi wawili, mmoja wa kwao, mmoja wa kwetu. Nakala anayo mama yake.

Naota kuandika riwaya, lakini sijawahi kuandika ukurasa mzito kama ule. Nanyi vijana wenzangu ambao wake au waume zenu wako Uarabuni, kabla ya kujaza fomu ya kodi, ulizaneni kwanza: jasho ni la nani?