Swali la Saba

Fomu ilikuwa ya kurasa nne. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi, kisha swali la saba: je, mwombaji ana ugonjwa wowote wa kudumu, au amewahi kutibiwa ugonjwa wa aina hiyo? Ndiyo. Hapana. Weka tiki.

Ilikuwa Desemba 2023. Tumekaa barazani kwa mama, Bangalala, upande wa milima ya Upare unaotazama Makanya. Mama ana kisukari, miaka tisa wakati ule. Kadi ya CHF alikuwa nayo, ile iliyokuwa ya elfu thelathini kwa kaya ya watu sita, na haikumuuliza anaumwa nini. Lakini ilikuwa inaishia hospitali ya mkoa, na macho yake yalishaanza kuhitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana nilitoka Dar na fomu ya kampuni moja ya bima, na mpango wangu kichwani: naweka tiki kwenye "Hapana", basi. Nani atajua?

"Wameuliza nini hapo?" Aliona kalamu imesimama.

Nikamsomea. Nikamweleza kwamba ukisema ndiyo, wanaweza kukukataa, au kukupandishia bei, au kukusubirisha miezi, au kukupa kadi inayotibu kila kitu isipokuwa kinachokuumiza. Ukidanganya wakagundua, mkataba umekufa na hela imeenda.

"Sasa mwanangu, si wana haki? Mtu anakuja ndivani mahindi yameshakauka, anataka zamu."

Kwa asiyejua Upare: ndiva ni bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi linafunguliwa watu wanamwagilia kwa zamu. Kuzoa tope lake ni msaragambo, kila kaya inatoa mtu.

Niliona aibu, maana hoja yake nilishaiandika gazetini. Machi mwaka ule ule, usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400, ulisitishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wengi waliokuwa wakisajiliwa ni watoto walio tayari wagonjwa. Niliandika aya moja safi, nikaenda kula. Hesabu ile ni ya kweli: mfuko wa wagonjwa watupu haudumu. Lakini sikujiuliza mzazi mwenye mtoto mgonjwa alitakiwa kufika lini.

Ndipo nikakumbuka nusu nyingine ya ndiva. Mwaka ambao baba alivunjika mguu, kwetu hakutoka mtu kwenda msaragambo. Zamu yetu haikurukwa. Hakuna aliyeuliza mguu ulivunjika lini, kwa sababu sisi hatukuingia kwenye ndiva siku ya ukame. Tulizaliwa ndani yake. Mwezi uliotangulia, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nikiisoma kwa macho ya Bangalala, naona inataka hicho hicho: wazima na wagonjwa waingie pamoja, mapema, ili swali la saba lisiwe na kazi. Kuitekeleza ni msaragambo mwingine.

"Andika ndiyo," mama akasema. "Sitaki kutibiwa kwa uongo."

Nikaweka tiki.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Amekubaliwa, isipokuwa "kisukari na madhara yake". Nilimpigia nikamsomea. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo watanitibu mafua."

Hatukulipia. Macho yake tunayagharamia sisi watoto watano, kila mtu anatuma chake mwisho wa mwezi, dada mkubwa anaandika kwenye daftari. Mdogo wetu wa mwisho aliachishwa kazi, ana miezi minne hajatuma kitu. Juzi nilimuuliza dada kama tumwondoe kwenye hesabu kwanza, mpaka akae sawa.

Akaniangalia kama nimetukana. Jina lipo palepale, mstari wa tano.