Kiswahili Njiani Kwenda Malindi

Wengi wetu tuliokulia kambini hapa Uganda tulikijua Kiswahili kuwa lugha ya amri. Ndicho kilichowaamsha askari alfajiri, ndicho kilichoongoza gwaride, na majirani zetu wa uraiani walikiogopa. Nao hawakukosa sababu. Mama yangu alikisikia kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1970, akiwa msichana, kutoka vinywani mwa watu wenye bunduki waliouvunja mlango wa baba yake usiku. Baadaye aliolewa na askari, akaishi kambini miaka mingi, lakini lugha hiyo hakuitamka. Baba akisema Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiganda.

Mwaka jana, nilipopata likizo, niliwapeleka wazee wangu Mombasa. Siku moja tukakodi gari asubuhi na mapema kwenda Malindi, mwendo wa kilomita zipatazo 120.

Tulivuka daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, tukapita Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa mwaka 1875. Nilipowaeleza wazee habari hiyo, mama aliuliza, "Watu hao walisema lugha gani?" Nikamjibu kwamba walitoka katika makabila mbalimbali ya bara, na Kiswahili ndicho kilichowapatanisha wengi wao. Alinyamaza, akaendelea kutazama nje.

Msafiri asidhani kwamba barabara hii huandamana na bahari muda wote. Bahari hujificha nyuma ya minazi na mashamba ya mkonge ya Vipingo, kisha hujitokeza ghafla pale mikono yake inapoingia bara, kwanza Mtwapa, halafu Kilifi. Hapo Kilifi magari yalivushwa kwa kivuko hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Ukiwa juu yake waona maji ya buluu chini kabisa, na mashua zikiwa ndogo kama maganda ya njugu.

Tulisimama ng'ambo kununua korosho. Baba alitoa kichwa dirishani akaita kwa sauti ya kambini, "Wewe! Lete korosho hapa!"

Kijana alikuja bila haraka. "Shikamoo, mzee. Poleni na safari. Nikupe ngapi, baba?"

Baba alisita kidogo. "Marahaba, mwanangu. Naomba pakiti mbili."

Kijana aliongeza ya tatu, akampa mama. "Na hii zawadi yako, mama. Karibuni pwani."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu," akasema kwa Kiswahili. Baba alimtazama, asiseme neno mpaka tulipoufikia msitu wa Arabuko-Sokoke.

Katika magofu ya Gede tuliona misikiti, visima na nyumba za mawe ya matumbawe za mji uliohamwa karne nyingi zilizopita, na ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Alasiri tulifika Malindi, tukaitazama nguzo ya Vasco da Gama, na bahari ikawa wazi mbele yetu. Hapo mama alimwambia baba kwa Kiganda, "Kumbe lugha hii ina maneno ya kuombea pia. Mbona wewe ulileta nyumbani ya kuamrisha tu?"

Baba alijibu, "Ndiyo niliyofundishwa."

Siwezi kusema kwamba safari ya siku moja iliufuta usiku ule wa utotoni mwa mama. Hata leo hupendelea Kiganda. Lakini wajukuu wakimwamkia kwa shikamoo, huitikia.

Ndugu wasomaji, Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike hivyo. Sheria yaweza kukiingiza shuleni na ofisini, ila haiwezi kumwondolea mtu hofu. Kazi hiyo ni yetu sisi wa kambini. Askari akivua sare jioni, na aivue na ile sauti ya gwaride. Watoto wetu na wajifunze "naomba" kabla ya "lete". Jirani akitusikia, atajua tunazungumza, hatumwamrishi.