Jicho Libaki Besi ya Pili

Uamuzi wa softboli niliuanzia katika viwanja vya shule za sekondari huko Ohio, Marekani. Mchezo wenyewe ulikuwa mgeni kwangu, ila kukimbilia besi nilikujua tangu raunda za shule ya msingi Mombasa. Kanuni nyingi zilinikaa upesi. Iliyonichukua miaka ni ya mkimbiaji anayeteleza besi ya pili huku walinzi wakitaka kutoa wawili kwa mpira mmoja.

Softboli haikupi nafasi ya kuvuta pumzi. Kutoka besi hadi besi ni futi 60. Besiboli ya wakubwa ina futi 90. Mpira ukibiringika chini, mlinzi auokote, aurushe besi ya pili, mwenzake akanyage besi na kuutupa besi ya kwanza kabla ya mpigaji kufika. Mpigaji mwepesi hufika kwa takriban sekunde tatu. Kati ya kukanyaga na kutupa ndipo mkimbiaji anapoingia na vumbi lake.

Macho hupenda kuufuata mpira. Mwamuzi mkongwe aliyenilea kazini alinizoeza kuyazuia: nikishatangaza auti ya kwanza, nibaki na mlinzi mpaka mpira umtoke mkononi na miguu yake itue salama. Besi ya kwanza itanisubiri.

Oktoba 2015, katika mechi ya besiboli ya Dodgers na Mets, Chase Utley aliteleza akamvunja mguu Ruben Tejada. Mwaka 2016 ligi kuu ikaandika kanuni mpya ya kuteleza. Tangu hapo makocha wa softboli hunidai kanuni waliyoiona kwenye televisheni. Yetu ina maneno yake: mkimbiaji aliyekwisha kutolewa akimnyima mlinzi nafasi ya kumtoa mwingine, mpira unakufa, na mkimbiaji aliye karibu zaidi na besi ya nyumbani anatoka. Akiwa amebaki mpigaji peke yake, basi ni yeye.

Jioni moja binti aliteleza pembeni kabisa mwa besi, mahali ambapo hata mkono wake usingeifikia, akanyanyua mguu ukamkumba mlinzi kwenye kifundo. Mpira ukaenda upogo. Niliinua mikono, nikasimamisha mchezo, nikawatoa wote wawili. Kocha wake akaja mbio: mtoto hakukusudia! Nilimjibu kwamba moyo wa mtoto siuoni. Nimeuona mguu, na nimeona mpira uliokuwa unamwahi mpigaji ukipotea.

Msimu huohuo mkimbiaji mwingine, hatua kadhaa kabla ya besi, alipigwa na mpira begani akikimbia moja kwa moja. Upande wa pili ukapiga kelele ukitaka auti. Sikuitoa. Hakuinua mkono, hakubadili njia, wala kanuni haimtaki ayeyuke hewani kwa sababu ametolewa.

Kugusana peke yake si kosa, na kosa laweza kutendeka bila kugusana. Waamuzi vijana ninaowafundisha sasa nawataka wawe na majibu mawili kabla ya kuinua mikono: mkimbiaji amefanya nini, na mlinzi amepoteza mchezo gani. Asiyekuwa nayo yote mawili auache mchezo uendelee. Aliye nayo atoe uamuzi papo hapo, hata kama ndio unaomaliza mechi, kwa sababu kifundo cha yule mlinzi kinalindwa na mtu mmoja tu uwanjani.